Udongo Laini, Vidole Vitatu

Antaine alikuwa mkataji, na Sabina mkewe alikuwa mdakaji. Hivyo ndivyo walivyoishi.

Antaine alisimama juu ya ukingo na koleo lenye bawa la chuma ubavuni. Alilizamisha, akakata, akainua. Tofali la udongo mweusi, bichi, linalometameta kama ini la ng'ombe, likateleza kutoka kwenye koleo. Sabina alikuwa chini mferejini, miguu majini, mikono wazi. Alilidaka. Pwaa! Akageuka kiunoni, akalirusha kwenye nyasi upande wa pili, na kabla halijatua mikono yake ilikuwa imesharudi, inangoja lingine. Hawakusemezana. Aliyewatazama kwa mbali angedhani wanacheza ngoma ambayo wapigaji wake wamejificha.

Kule kijijini Doire Liath hakuna misitu ya kuni. Ipo ardhi ile tu, ya mimea iliyooza zamani, inayowaka ikikauka. Huikata masika, huianika kiangazi, huichoma mwaka mzima. Imekaa pale nyeusi na kahawia mpaka miguuni mwa milima, ina vidimbwi na nyasi zenye vichwa vya pamba, na ukiruka upande huu ng'ombe wa jirani anatikisika upande ule.

Waingereza ardhi ya namna hiyo wanaiita bog. Ukiwasikia wanavyolitamka utadhani wametema kitu. Kwao ni tope, ni mahali pa kukwama, ni shida isiyo na mlango wa kutokea. Lakini neno si lao. Walilichukua kwenye lugha ya wenyeji wa huko, zamani, na kwa watu wale maana yake ni laini. Laini tu. Mkate wa magadi uliotoka sasa hivi mekoni ni bog. Siku ya manyunyu yasiyomuumiza mtu ni siku bog. Mwenye huruma ana moyo bog. Hata mama anapoitikisa susu ili mtoto alale, jina la kitendo kile limezaliwa humo humo.

Sabina hakujua kusoma, ila hilo alilijua, na lilikuwa likimchekesha.

"Wezi wajinga," alikuwa akisema. "Wameiba chungu, viazi wameviacha mezani."

Alikufa vuli, siku moja ya manyunyu. Siku laini.

*

Moto wa nyumba ile ulikuwa wa Sabina. Alikuja nao. Siku alipoolewa, mama yake alichota mekoni kwake kaa moja zito, akalitia kwenye chungu cha chuma chenye miguu, akafunika. Bibi harusi akavuka nao kinamasi kizima akiwa amevaa viatu vya kuazima. Wanaume walitaka kumpokea, akakataa. Akafika, akapiga magoti mbele ya meko ya Antaine yaliyokuwa baridi, akaweka kaa lile, akapuliza. Tangu siku ile moto haukuzimika. Kila jioni aliyavuta majivu juu yake kwa koleo dogo, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto, huku akimnong'oneza Mtakatifu Brijita aulinde. Asubuhi aliyafunua majivu, na jicho jekundu lilikuwa pale, linamtazama.

Watoto walizaliwa mbele ya moto ule. Wakakua, wakaenda Amerika. Moto ukabaki.

Baada ya maziko Antaine akawa anaufunika yeye. Mkono wake ulikuwa mzito. Maneno ya kumwambia Brijita hakuyajua yote. Aliyasema aliyoyakumbuka, palipokosekana akakohoa.

Udongo wa kuchoma ulikuwepo, rundo zima ubavuni mwa nyumba. Ni ule ambao yeye alikata na Sabina akadaka masika iliyopita, wakati mke bado hajaanza kikohozi kilichomuua. Antaine alikuwa akichukua tofali, anatupa motoni, anaketi. Hakuwa na fikra yoyote. Kisha asubuhi moja ya baridi akashika tofali, na vidole vyake vikaingia kwenye vishimo.

Akaligeuza kwenye mwanga. Dole gumba upande huu. Vidole vitatu upande ule. Kidole cha mwisho hakikuwepo.

Mkono wa kulia wa Sabina ulikuwa na vidole vitatu na gumba. Cha mwisho kilibanwa na lango la zizi alipokuwa msichana, kikapinda ndani ya kiganja, kikakaa huko maisha yake yote kama konokono. Kila alichoshika alikishika hivyo. Na udongo mbichi, ukidakwa, unashika kila kitu. Ukikauka haukisahau.

Alikaa muda mrefu na tofali lile magotini. Alilinganisha vidole vyake na vishimo vile. Vyake vilikuwa vinene, havikuingia vizuri.

Tofali lile hakulichoma.

Tangu siku hiyo akaanza kuchagua. Matofali mengi yalikuwa yamepoteza alama, kwa mvua, kwa kusuguana kwenye matenga ya punda, kwa kugeuzwa geuzwa juani. Hayo aliyachoma. Yenye vidole vitatu aliyaingiza ndani. Mwanzo aliyaweka dirishani. Dirisha likajaa. Akayaweka juu ya kabati. Mwisho, bila kukata shauri lolote, akajikuta anayapanga kitandani, upande wa Sabina, ule wa ukutani. Usiku akinyoosha mkono aliyagusa. Yalikuwa makavu, mepesi, yana harufu ya kichaka na mvua ya zamani. Akalala vizuri kuliko alivyolala tangu vuli.

*

Masika ikaingia. Watu wakatoka kwenda kukata. Kutoka mlangoni kwake Antaine aliwaona kule mbali, wadogo, wawili wawili, wanainama na kugeuka. Yeye hakutoka. Koleo la bawa lilikuwa limening'inia ukutani, na buibui alikuwa amelifunga kwenye msumari.

Baibín akaja na mtindi kwenye kopo.

Baibín ni mdogo wake Sabina, mama mmoja, baba mmoja. Mume wake alizama baharini bado kijana, na tangu hapo amekuwa akisema kwa midomo ya watu wawili. Ni mnene, ana sauti ya kuitia punda, na alipopita mlangoni aliziba mwanga wote.

"Shemeji, uko hai?"

"Nipo."

"Sikuuliza kama upo. Kiti nacho kipo." Akaweka kopo mezani, akainama kuutazama moto. "Hee! Huu ndio moto? Hata mshumaa wa kanisani ungeuonea aibu. Moshi wako leo nimeuangalia kutoka kule kwangu, nikadhani ni mtu anavuta kiko juu ya paa."

"Unatosha."

"Unatosha kwa nani? Kwa panya?" Akatoka nje akaenda ubavuni mwa nyumba. Antaine akamsikia anapiga teke kitu. Akarudi. "Rundo limekwisha. Limebaki vumbi na ule udongo wa chini uliokunywa maji. Na kukata hujaenda. Jirani yako Feilim ameshamaliza ukingo wake, sasa anakata wa mama yake. Wewe unangoja nini? Malaika wakukatie?"

"Nitaenda."

"Lini?"

Baibín akatazama huku na huku, akaona matofali dirishani, akaona ya juu ya kabati. Uso ukabadilika. Akaenda mpaka mlango wa chumba, akausukuma.

Akashika miimo ya mlango kwa mikono miwili.

Kisha: "Toba! Antaine! Umeulaza udongo kitandani kwa dada yangu!"

"Usiyaguse."

"Na umeyafunika blanketi!"

"Kuna baridi," akasema Antaine, na hapo hapo akajisikia mjinga.

Baibín alichukua moja. Akaligeuza. Akatia vidole vyake kwenye vishimo, akaviona ni vitatu, akaketi kwenye kona ya kitanda. Kitanda kikalia. Alikaa vile, amelishika kama ndege aliyeanguka. Aliposema sauti ilikuwa ya chini, na Antaine hakujua kama anayo sauti ya namna hiyo.

"Kidole hiki ni mimi niliyefunga lango. Ulijua?"

"Aliniambia."

"Hakuwahi kunisema kwa mama. Alisema ni upepo." Akalirudisha tofali mahali pake, akalitengeneza lilale sawa na wenzake. Akavuta pumzi, na sauti yake ya kawaida ikarudi. "Sasa nisikilize, mzee. Huo moto pale si wako. Ni wa mama yetu, na wa bibi yetu kabla yake. Wangu mimi ulizimika ule mwaka niliokwenda Uskoti kuchimba viazi, sasa nina jiko la chuma na kibiriti, sijivunii. Umebaki huu. Na wewe unamweka Sabina chumbani kama viazi vya mbegu, huku moto aliouvusha kinamasi kwa viatu vya kuazima unakufa kwa njaa. Angekuona angekupiga na mwiko."

"Angenipiga," Antaine akakubali.

"Basi kesho tunakwenda. Wewe kata, mimi nitadaka."

Antaine akatikisa kichwa.

"Ala! Sijui kudaka? Nani alimfundisha mwenzake? Tulifundishwa mfereji mmoja na mama mmoja."

"Mdakaji ninaye."

"Unaye wapi?"

Alielekeza kidevu chumbani. Baibín akasimama, akafunga mtandio wake kwa nguvu kama mtu anayefunga gunia.

"Basi mwambie akupikie," akasema. "Kopo langu nitalifuata." Akaenda zake.

*

Kesho yake kulikuwa na ukungu. Antaine aliamka, akafunua majivu. Jicho lilikuwa dogo. Akalilisha vumbi la udongo kwa mkono, kidogo kidogo, kama mtu anayelisha kifaranga, likapata nguvu. Akachukua koleo ukutani. Akamtoa buibui kwa adabu. Akatoka.

Nje, ulimwengu haukuwepo. Kulikuwa na hatua moja mbele na hatua moja nyuma, na weupe. Lakini njia ya kinamasi miguu yake iliijua. Ilikwenda yenyewe, yeye akafuata. Ardhi ilishuka kidogo kila alipokanyaga, ikampandisha tena. Ilikuwa vizuri kutembea vile. Ilikuwa kama kutembea juu ya kifua cha mtu aliyelala.

Akafika ukingoni kwao. Mahali waliposimamia masika iliyopita palikuwa pamekatwa wima, na ukuta ule mweusi ulikuwa na mistari ya koleo lake mpaka chini. Mferejini maji yalisimama, meusi, yametulia. Hapo ndipo aliposimama Sabina.

Akazamisha koleo. Udongo ukampokea bila sauti. Akakata, akainua, tofali likateleza, zuri, zima, likaenda pale mikono ilipokuwa ikikaa.

Likaanguka majini. Likapasuka.

Akakata jingine. Likaanguka. Akajaribu kulishika mwenyewe kabla halijateleza, likamvunjikia mikononi. Akajaribu kuliweka taratibu nyuma yake, mgongo ukakataa. Udongo ule ni laini mno, hauwezi kupita hewani bila mtu wa kuupokea upande wa pili. Aliendelea hata hivyo. Mferejini kukajaa uji mweusi. Kwenye nyasi, ambako asubuhi kama hii kungekuwa na safu za matofali yanayometameta, hakukuwa na kitu.

Akaegemea koleo kupumzika. Ndipo aliposikia.

Pwaa.

Mbali kidogo, ndani ya ukungu. Tofali bichi linaingia mikononi. Kisha kimya cha mtu anayegeuka kiunoni. Kisha tofali linatua kwenye nyasi. Kisha tena: pwaa.

Mwendo ule aliujua. Angeujua hata kaburini.

Bila shaka walikuwa Feilim na mkewe, wanakata ukingo wa mama yake ng'ambo ya mitaro. Ukungu husogeza sauti, huiweka karibu iliyo mbali, na kila mtu wa Doire Liath amefundishwa hilo kabla ya kufundishwa sala. Antaine naye alilijua. Lakini kujua ni kitu kimoja, na miguu ni kitu kingine. Aliweka koleo begani akaifuata sauti.

Akapita vidimbwi. Akapita nyasi za pamba, vichwa vyeupe vinaning'inia kwa unyevu. Sauti ilikuwa mbele, kisha kushoto, kisha mbele tena. Chini ya miguu yake pakawa kijani. Kijani safi, kinachong'aa, kama zulia la askofu. Mtoto wa miaka minne wa kijiji kile, ukimuuliza akiona kijani namna hiyo afanye nini, atakuambia: nirudi nyuma. Pahali pale panaitwa Jicho. Ardhi ina macho kadhaa ya namna ile, yamefumbwa kwa kope za kijani, na yanatetemeka.

Antaine aliona kijani, akafikiri: pazuri. Akapiga hatua.

Jicho likafumbuka.

Aliingia mpaka magotini, halafu mapajani, halafu kiunoni, wala halikuwa jambo la ghafla. Lilikuwa la upole. Baridi ilimpanda taratibu kama maji ya birika la kuogea. Hakupiga kelele. Mwili wake, uliokuwa na akili kuliko yeye siku ile, ulilitupa koleo lilale bapa juu ya kijani, ukajilaza chali, ukanyoosha mikono kama baba yake alivyomfundisha. Akaacha kuzama.

Akabaki pale.

Ardhi ilikuwa ikimtikisa. Kidogo sana, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kwa kila pumzi yake. Ukungu ulimshukia usoni. Sauti ya kudaka ilikuwa imekoma, au ilikuwa imeingia ndani ya masikio yake, hakujua. Maji yalikuwa yameshaacha kuwa baridi. Akamkumbuka Sabina akitikisa susu kwa mguu mmoja huku mikono inakanda unga, na mtoto, yule wa kwanza, macho yanaanza kulegea.

Laini, akafikiri. Ni kweli. Ni laini.

"Sabina," akasema.

Hakuna aliyejibu. Hata hivyo hakujisikia peke yake. Alijisikia kama mtu aliyefika kitandani baada ya kazi nyingi, na mwenzake yupo upande wa ukutani, amelala, hakuna haja ya kumwamsha. Akafumba macho. Angeweza kukaa. Hakukuwa na ubaya wowote pale.

Akageuza kichwa ili kijani kimguse shavu, na pua yake ikaingia kwenye ukosi wa koti lake.

Koti lilinuka moshi.

Lilikuwa na miaka mingi ya moshi ule, harufu tamu ya udongo uliowaka, harufu ya nywele za Sabina, ya mkate, ya blanketi za watoto. Antaine akafumbua macho.

Hakuufunika moto.

Alitoka asubuhi akauacha wazi, na vumbi la udongo tu tumboni. Katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuufunika moto mchana anapokwenda kinamasini. Sabina ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka, na yeye alingoja nje na punda. Hakuwahi hata kujua kwamba hiyo ni kazi.

"Yesu na Maria," akasema, kwa sauti, na safari hii alikuwa anamwambia Sabina kama mume anavyomwambia mke. "Moto wako!"

Kutoka ndani ya Jicho si kazi ya nguvu. Anayetumia nguvu hubaki. Alilivuta koleo karibu, akaliweka chini ya mabega. Akaanza kuutoa mguu mmoja kwa kuutikisa kidogo, kwa subira, akiuomba udongo badala ya kuupiga vita. Ukamwachia. Kiatu ukabaki nacho. Akautoa wa pili. Akajiviringisha kama gogo, mara moja, mara mbili, mpaka nyasi zikawa za rangi ya kahawia na ngumu chini ya mgongo wake.

Akarudi nyumbani na kiatu kimoja, mweusi kutoka shingoni mpaka chini.

*

Mekoni kulikuwa kijivu.

Akapiga magoti. Akapekua majivu kwa vidole. Kijivu, kijivu, vuguvugu. Kisha, chini kabisa nyuma, ilionekana chembe nyekundu, ndogo kuliko punje ya shayiri, inapumua.

Akapuliza. Ikakua, ikarudi. Ilitaka chakula.

Vumbi lilikuwa limekwisha. Akatoka ubavuni mwa nyumba, akarudi na tofali la chini ya rundo. Lilikuwa linachuruzika, kuliweka pale kungekuwa kuzima. Nyasi kavu hakuwa nazo, kila kitu nje kilikuwa kimelowa kwa ukungu. Avunje mguu wa kiti? Kiti kilikuwa cha babu yake, cha mti wa kale uliofukuliwa kinamasini, mgumu kama jiwe, hakivunjiki.

Alikuwa anajua tangu mwanzo. Alizunguka tu.

Akaenda chumbani akiacha nyayo nyeusi, mguu wenye kiatu na mguu mtupu. Akafunua blanketi. Akachukua la kwanza, lile lililokuwa karibu na mto. Halikuwa na uzito. Akarudi, akalivunja kona, akaisaga kwa kiganja ikawa unga, akaunyunyiza juu ya punje nyekundu. Unga ukashika. Akaweka tofali lenyewe likiegemea pale, upande wa vidole ukimwelekea yeye. Akapuliza mpaka akaona nyota.

Moshi ukapanda, mwembamba, wa buluu. Halafu tofali likaanza kuwaka kutoka ndani.

Udongo ule hauwaki kwa fujo kama kuni. Hauruki, haulii. Hugeuka mwekundu polepole huku ukibaki na umbo lake. Na pale Antaine alipodhani alama zitapotea kwanza, vishimo vile ndivyo vilivyopata moto kabla ya pengine popote. Gumba hakuliona, lilikuwa nyuma. Lakini vidole vitatu aliviona vinawaka, kimoja, cha pili, cha tatu, kama mtu ameweka mkono upande wa pili wa moto na kuushika.

Alitazama mpaka likawa majivu. Hata majivu yalikuwa na vidole. Meupe, membamba kuliko ganda la yai. Kisha yakaporomoka yenyewe, bila kuguswa, na chini yake kulikuwa na kaa zito, jekundu, la kutosha.

Akaweka la pili.

Alilia hapo. Hakulia sana. Kisha akavua nguo zilizolowa, akaoga, akanywa mtindi wa Baibín wote uliokuwa kwenye kopo.

*

Asubuhi alikwenda kulirudisha kopo. Baibín alikuwa uani anawamwagia kuku maganda ya viazi. Akamtazama miguuni. Antaine alikuwa amevaa kiatu kimoja chake na kingine cha marehemu mkewe, kisigino kimetokeza nje.

"Mama yangu! Umeoa kiatu sasa?"

"Changu kimebaki kwenye Jicho."

Baibín akaacha kumwaga. "Jicho lipi?"

"Lile la upande wa Feilim."

"Antaine." Akaweka ndoo chini. "Ulikwenda kutafuta nini huko?"

"Sikujua." Akamnyooshea kopo. "Moto uko hai. Nimeanza kuyachoma. Yale ya chumbani."

Baibín akalipokea kopo, akalifuta kwa aproni, ingawa lilikuwa safi.

"Yatanifikisha katikati ya kiangazi," Antaine akasema. "Nikiyatumia kwa akili. Baada ya hapo sina kitu. Kwa hiyo..." Akatazama kuku. "Una kazi leo?"

"Nina kazi, ndiyo. Kumngoja mjinga mmoja aje aniombe." Alikuwa ameshaanza kufungua aproni. "Ngoja nichukue viatu vya mume wangu. Hicho cha Sabina ukivue, utakipasua."

Feilim aliwaona kutoka ng'ambo ya mitaro, akasimama wima kabisa, kofia nyuma ya kichwa.

"Ee bwana!" akapaza sauti. "Antaine! Umepata mdakaji! Huyo hata ukimrushia ng'ombe anadaka!"

"Wewe Feilim," Baibín akamjibu kutoka mferejini, "nikimaliza hapa nakuja kukudaka wewe, nikutupe kwa mama yako!"

Vicheko vikaja juu ya kinamasi, vikapita. Antaine akashika koleo. Baibín akanyoosha mikono. Alisimama hatua moja kulia zaidi ya Sabina, na mikono aliiweka chini zaidi. Tofali la kwanza likampiga kifuani.

"We! Unaniona kweli?"

"Umesimama vibaya."

"Nimesimama ninaposimama. Wewe ndiye unamrushia asiyekuwepo. Mimi niko hapa. Hapa!" Akajipiga kifua, akajipaka tope. "Kata."

Akakata. La pili Baibín alilidaka kwa kiganja kimoja na kiwiko. La tatu likaanguka. Walifanya hivyo asubuhi nzima, mmoja akijisogeza, mwingine akijiinua, wakitukanana. Ilikuwa karibu na saa ya kula viazi pale Antaine alipogundua kwamba kwa muda hajasikia tusi. Alikuwa anakata, na chini kulikuwa na pwaa, na kimya, na tofali linatua. Si mwendo ule. Huu ulikuwa na uzito mwingine, ulichelewa kidogo mwishoni. Lakini ulikuwa mwendo. Na kila tofali lililotua, ukingo ulitikisika kidogo chini ya viatu vyake.

Udongo mbichi huchukua wiki nyingi kukauka. Waliugeuza, wakayasimamisha matofali matatu matatu yaegemeane, upepo ukapita katikati. Mwaka ule jua lilikuwa bahili. Antaine alichoma ya kitandani kwa hesabu ya moyo: moja asubuhi, moja jioni, nusu siku za joto. Dirisha likawa wazi, mwanga ukaingia. Kabati likawa kabati. Mwishowe kitandani, upande wa ukutani, likabaki moja.

Siku hiyo Baibín alikuja na punda na matenga mawili ya udongo mpya, mkavu, mwepesi. Akaingia na mzigo kifuani, akaumwaga mekoni.

"Haya. Jaribu."

Antaine akaokota moja. Akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Gumba. Vidole vinne, vinene, vimekandamiza kama vya mtu anayemnyonga kuku.

"Umelishika kwa nguvu mno," akasema.

"Umenirushia kwa nguvu mno."

Akaenda chumbani akalileta lile la mwisho. Baibín alipoliona akavuta kiti cha babu, akaketi. Antaine akapiga magoti. Aliliweka la vidole vitatu juu ya makaa, na la vidole vinne akaliegemeza kwake, kama yanavyosimamishwa kinamasini, ili moja liwashe jingine.

Wakakaa kungoja lishike.